Je, Mtu Aweza Kuuza Sauti Yake?

Baba mmoja wa familia ametuletea barua ya kurasa tatu, nasi tumeisoma mara mbili. Mwanawe, kijana wa miaka ishirini na minne, ni msomaji wa masomo katika kigango chao. Sauti yake ni nzuri, hata wazee wenye masikio mazito husema kwamba akisoma yeye hawana haja ya kusogea mbele. Mwezi uliopita watu wa kampuni moja walimwita mjini, wakamwekea kinasa sauti na maelfu ya sentensi fupi za kusoma, wakamwahidi fedha ambazo yeye, asiye na kazi, hajapata kuzishika kwa mara moja. Kazi yenyewe ni ya siku nane. Mkataba ni wa kurasa tano, kwa Kiingereza, nao wasema kwamba sauti hiyo itatumiwa na kampuni kwa namna yoyote, mahali popote, daima. Kijana ataka kutia sahihi. Baba yake asita, wala hajui sababu ya kusita kwake. "Padre," aandika, "angekuwa anauza shamba ningejua la kumwambia. Sauti je?"

Twamshukuru mzee huyu. Swali lake si dogo, na jibu letu halitakuwa fupi, maana kabla ya kusema lipi halifai kuuzwa, yatupasa tuitazame kwa haki kazi ya wale ambao kwa miaka mingi wamekula jasho la sauti yao.

Tarehe 7 Novemba 1935, katika Uingereza, ilianzishwa huduma ya kuwapelekea vipofu vitabu vilivyosomwa katika santuri. Aliyeipigania sana ni Ian Fraser, askari aliyepoteza macho katika vita ya Somme mwaka 1916. Wengi wa wenzake walipofuka wakiwa watu wazima, na vidole vyao vilikuwa vigumu kujifunza maandishi ya nundu. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika 25 hivi, hata kitabu kimoja kikahitaji santuri kumi. Miongoni mwa vitabu vya kwanza palikuwa na hadithi moja ya Agatha Christie na nyingine ya Joseph Conrad. Twalitaja jambo hili kwa kuwa vijana hudhani vitabu vya kusikiliza vililetwa na simu za mkononi, kwa ajili ya watu wenye haraka. Vililetwa kwa ajili ya mtu aliyekaa gizani, asiye na haraka yoyote.

Huko Marekani alikuwako Alexander Scourby, mwana wa wahamiaji wa Kigiriki, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1913. Alikuwa mwigizaji wa jukwaa na wa filamu, lakini kwa ajili ya vipofu alisoma vitabu zaidi ya 400, pamoja na Biblia nzima, kazi ya saa zaidi ya sabini za kusikiliza. (Tafsiri aliyoisoma ni ile ya Mfalme James, isiyo yetu sisi Wakatoliki, hata hivyo hatuoni haya kumsifu.) Alifariki mwaka 1985, na usomaji wake wasikilizwa mpaka leo.

Asidhani mtu kwamba kazi hii ni kukaa na kusoma tu. Kitabu cha maneno 90,000 hutoa takriban saa kumi za kusikiliza. Ili kuzipata, msomaji hukaa chumbani saa ishirini au zaidi, bila kuhesabu siku za kukipitia kwanza kimya kimya, kalamu mkononi, akitafuta matamshi ya majina na kujua nani ni nani. Chumba ni kidogo, wala hakina feni, kwa kuwa feni husikika. Havai nguo inayochakarika. Tumbo likinguruma, sentensi hurudiwa. Na malipo mara nyingi huhesabiwa kwa saa ya kitabu kilichokamilika, si kwa saa ya jasho lililotoka.

Basi, ndani ya chumba hicho mtu mmoja huwa muuaji katika sura ya pili, na katika sura ya tatu huwa hakimu. Hata kwetu, katika vibanda vya video vya mijini, wako wale wanaozitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, mtu mmoja akiwa shujaa, adui, mama na mtoto kwa dakika moja. Je, watu hao hudanganya? Kanisa la kale liliwatazama waigizaji kwa jicho kali. Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Kartago katika Afrika ya Kaskazini aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, aliulizwa na askofu mwenzake habari za mwigizaji aliyekwisha kuacha jukwaa lakini akawa bado anawafundisha wengine ufundi ule. Sipriani akajibu kwamba mtu huyo hawezi kushiriki pamoja na waamini. Lakini yafaa kukumbuka michezo ya wakati ule ilivyokuwa: matusi na uchafu, tena katika sikukuu za miungu.

Mtakatifu Agostino aliliona jambo kwa undani zaidi. Muda mfupi kabla ya kubatizwa kwake mwaka 387, aliandika juu ya Roscius, mwigizaji mashuhuri wa Roma, aliyeigiza malkia Hekuba. Roscius, asema, alikuwa Hekuba wa uongo, lakini kwa sababu hiyohiyo alikuwa mwigizaji wa kweli. Angekataa kuwa Hekuba wa uongo, asingekuwa mwigizaji kamwe. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino akafundisha kwamba kazi ya waigizaji, ikifanywa kwa kiasi na bila maneno wala matendo mabaya, si dhambi, na kwamba wanaowalipa kwa kiasi watenda haki, maana wawapa ujira wa utumishi wao. Anayesikiliza hadithi ajua kwamba ni hadithi. Ajua kwamba sauti ya muuaji ni ya mtu mwema ambaye kazi ikiisha ataoga, atakula na kulala. Uongo wahitaji mtu anayetaka kudanganya, na hapa hayupo.

Lakini tusiende haraka. Mwaka 1961 mwigizaji wa sauti Mel Blanc, aliyempa sauti Bugs Bunny, yule sungura wa katuni za Kimarekani (mjanja kama sungura wa hadithi za bibi zetu), alipata ajali mbaya ya gari mjini Los Angeles. Alilala hospitalini siku nyingi bila fahamu. Walimwita kwa jina lake, asijibu. Kwa habari iliyosimuliwa baadaye na yeye mwenyewe na daktari wake, siku moja daktari alimsalimu kana kwamba anamsalimu Bugs Bunny, akamwuliza hali yake, na kutoka katika zile bendeji ikatoka sauti ya sungura, ikijibu. Aliishi miaka mingine zaidi ya ishirini na kufa mwaka 1989.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kucheka. Sisi kimetushika kwa namna nyingine. Mtu aweza kuazima sauti yake kwa mwingine, hata kwa sungura asiyekuwako, lakini haitoki kwake. Mahali pale ambapo hata jina lake halikufika, sauti ilifika, kwa kuwa ilikuwa bado ndani yake.

Na Isaka mzee, je? Macho yake yalikuwa yamefifia. Yakobo alimjia amevaa mavazi ya kaka yake, mikono imefunikwa ngozi za wana-mbuzi, akasema kwamba yeye ni Esau. Mavazi yalidanganya, mikono ilidanganya, harufu ilidanganya, na maneno yenyewe yalikuwa uongo mtupu. Kitu kimoja tu hakikuweza kudanganya, na Isaka akakitambua: sauti ilikuwa ya Yakobo. Kosa la mzee ni kuiamini mikono kuliko sauti.

Hapa ndipo tulipoifahamu sababu ya kusita kwa baba aliyetuandikia. Maneno ninayoyasoma yaweza kuwa ya mwingine, lakini sauti yashuhudia kwamba niko hapa, mimi fulani, ndiye ninayesema. Sipriani yuleyule aliyemzuia mwigizaji alimweka kijana Aurelio kuwa msomaji wa Kanisa. Aurelio alikuwa mdogo wa umri, lakini alikuwa amemkiri Kristu mara mbili mbele ya watesi, mara ya pili katika mateso. Askofu hakutuandikia kama sauti yake ilikuwa tamu au nzito. Aliona inafaa tu kwamba sauti iliyomkiri Bwana ndiyo isome Injili yake.

Sasa mashine za akili unde zimejifunza kuiga. Zikipewa sauti ya mtu, huweza kusema kwa sauti hiyo jambo ambalo mwenyewe hakulisema wala hatalijua. Kufikia mwaka 2023 kampuni ya Apple ilikuwa ikiuza vitabu vilivyosomwa na sauti za mashine. Mwezi wa Julai 2024 waigizaji wa sauti za michezo ya kompyuta huko Marekani waligoma, na mgomo wao ukachukua karibu mwaka mzima. Shina la ugomvi lilikuwa ridhaa na malipo, sauti zao zinapoigwa na mashine. Mwaka huohuo jimbo la Tennessee lilitunga sheria ya kuilinda sauti ya mtu isiigwe bila idhini yake. Naye Baba Mtakatifu Leo XIV, kwa Siku ya 60 ya Mawasiliano Ulimwenguni, ya mwaka 2026, alichagua mada ya kuhifadhi sauti na nyuso za wanadamu. Katika nchi mbalimbali wazazi wamepigiwa simu, wakasikia sauti ya mtoto wao ikilia na kuomba fedha, na mtoto wenyewe yuko shuleni salama. Mzazi huyo ni Isaka, ila ameondolewa hata kile kitu kimoja alichoweza kukiamini.

Hatusemi mashine zote ni kazi ya Ibilisi. Binti kipofu wa sekondari ataka kitabu chake cha biolojia usiku huu; hakuna Scourby wa Kiswahili aliyemsomea, wala hatapatikana kabla ya mtihani. Mashine ikimsomea, na yeye akajua kuwa ni mashine, hakuna aliyedanganywa, na njaa yake imeshibishwa. Tena mashine hiyo haikuota kama uyoga: palikuwa na mtu aliyekubali kuisomea. Kijana wetu akiisomea kwa ajili hiyo, atakuwa ametenda tendo la huruma, hata akilipwa.

Basi, mzee wetu, jibu letu ni hili. Kazi ya kusoma mwanao aweza kuiuza, kama fundi auzavyo siku zake, na ujira wake ni halali. Asichoweza kukiuza ni kule kujibu kwa ajili ya sauti yake, maana siku ikimtukana jirani, au ikimwibia mjane, au ikihubiri uongo wakati wa uchaguzi, watu wa kigango watasema ni yeye, wala hawatakosea kuitambua. Mkataba huo, kama ulivyo, asiutie sahihi. Aombe uandikwe kwa Kiswahili. Aombe utaje sauti itatumika kwa kazi gani na kwa miaka mingapi, na kwamba asikilizaye ataambiwa kuwa ni mashine. Nayo kazi mpya isianze bila yeye kuulizwa. Wakikubali, na asome kwa moyo mweupe. Wakikataa, amejua walichokuwa wakikinunua.

Lakini twajua kwamba ni rahisi kwa padre mwenye chakula mezani kumwambia kijana asiye na kazi aache fedha. Jambo hili limetusumbua kuliko yote tuliyoyaandika juu. Tuliirudia tena ile barua ya Sipriani kuhusu mwigizaji, na mwisho wake tulikuta jambo ambalo twakiri hatukulikumbuka. Yawezekana, aandika askofu, mtu huyo atatoa udhuru wa umaskini. Kama ndivyo, alishwe pamoja na wengine wanaotunzwa na Kanisa, awe radhi na chakula kidogo kisicho na hatia. Na kama Kanisa la huko halina uwezo, aje Kartago, apewe chakula na mavazi.

Tumempelekea Paroko wa kijana nakala ya makala hii, tukamwuliza Halmashauri ya Parokia yaweza kufanya nini. Nasi hapa ofisini tunao wasomaji vipofu ambao gazeti hili husomewa na wajukuu, mjukuu akiwapo. Kijana akitaka, tunacho kinasa sauti, na chumba kimoja kisicho na feni. Malipo ni madogo. Aje Jumatatu.