Huruma ya Mgeni

Wahenga wametuachia methali mbili juu ya mgeni. Moja husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu aendaye nchi ya mbali kwa hiari yake kuwatumikia watoto hutaka kuzitimiza zote mbili kwa mara moja: huja kuponya, na jembe huliomba siku ile ile ya kwanza. Swali ni hili: jembe hilo hulima shamba la nani?

Tulipime swali hili katika Guatemala. Vita vya ndani vya tangu 1960 hata 1996 viliua au kupoteza watu wapatao 200,000, na wengi wao walikuwa Wamaya. Vita vilikwisha; umaskini haukwisha. Katika mji wa Antigua vijana wa Marekani na Ulaya hujifunza Kihispania asubuhi, na alasiri huenda kucheza na watoto, kuwafundisha, au kusaidia katika nyumba za yatima. Hukaa majuma mawili, pengine mwezi, kisha huenda zao. Hakuna aliyewashurutisha, na nauli ni yao. Watu wa namna hii hawastahili kubezwa.

Lakini uzuri wa nia ni mali ya mwenye nia, na faida ya tendo ni mali ya mtendewa. Viwili hivi havifuatani daima. Mtu mzima akipewa mkate hutoa shukrani. Mtoto hutoa moyo. Katika mwaka 1951 tabibu John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani kwamba mtoto mdogo akikosa mlezi wa kudumu, akili na tabia yake hudhurika. Mgeni akumbatiwaye siku ya kwanza hufurahi, akadhani amependwa. Yumkini mtoto yule amekwisha kuwakumbatia wageni kumi kabla yake, na wote wakaondoka. Aendaye huchukua picha. Abakiye hubaki na pengo.

La pili ni zito zaidi: huruma yenye fedha huzaa soko. Katika mwaka 2006 watoto zaidi ya 4,000 wa Guatemala waliasiliwa na kupelekwa Marekani. Wengi wa waliowapokea walikuwa watu wema, wala hawakunuia mtoto wa mtu aibwe. Lakini ada kubwa waliyolipa iliwaamsha madalali; wako mama waliorubuniwa, na wako walioibiwa watoto wao. Mwishoni mwa 2007 nchi ilitunga sheria mpya ili kuikomesha biashara hiyo. Nyumba ya yatima inayoishi kwa ada za wageni ina kishawishi kama hicho. Watoto wakipungua, wageni nao hupungua. Basi nani atafanya haraka kumrudisha mtoto kwa bibi yake? Na watoto wengi wa nyumba hizo duniani wana mzazi aliye hai, ambaye hakupungukiwa na pendo bali riziki.

Mwaka 1968, katika nchi jirani ya Meksiko, padri Ivan Illich aliwaambia wanafunzi wa Kimarekani waliojitolea kwamba waje kutazama na kujifunza, lakini wasije kusaidia. Neno hilo ni kali, nami silikubali lote. Mwenye njaa hashibi kwa sababu jirani yake ameogopa kukosea. Lakini naona kwamba mgeni wa siku chache awatumikie wale wabakiao. Katika vijiji vya Wakaqchikel na Wak'iche' yuko mwalimu mzalia ajuaye lugha ya watoto wake, akakosa vitabu vya lugha hiyo. Yuko mama ambaye mshahara mdogo ungemwezesha kukaa na mwanawe. Nauli ya mgeni mmoja yaweza kulipa mengi ya hayo. Atakaye kuwa karibu na watoto wenyewe, na akae miaka, ajifunze lugha, akubali kuongozwa na wenyeji.

Basi kabla ya safari kila mmoja ajiulize: kama kazi niliyopewa ni kubeba mawe ya ukuta wa shule, au kuandika hesabu katika chumba kisicho na mtoto hata mmoja, wala hakuna atakayenijua jina, je, ningekwenda? Akijibu ndiyo, mwenyeji ana tumaini la kupona. Akisita, na atambue kwamba aliyekuwa akitafuta dawa ni yeye mwenyewe, na kwamba si haki mtoto maskini alipishwe gharama yake.