Kitabu Kisicho na Mtihani

Kila Ramadhani inapokaribia, wazazi wa pwani tunaoishi Texas huulizana swali lile lile: wapi nitapata vitabu na michezo ya watoto wa Kiislamu? Jibu limekuwa jepesi siku hizi. Ukiwa Dallas, Fort Worth au Houston, bidhaa hizi hazikosekani. Noorart, wauzaji wa vitabu vya watoto vya Kiislamu na vya Kiarabu, wako eneo la Dallas. Irving kuna Yaqeen, taasisi iliyoanzishwa na Sheikh Omar Suleiman mwaka 2016, ambayo video zake hutazamwa hadi na binamu zetu waliobaki Mombasa na Unguja. Siku za Idi kumbi za misikiti hujaa meza za biashara: kadi za majina ya Manabii, picha za Al-Kaaba za kuunganisha vipande, michezo ya safari ya Hija, midoli inayosoma Suratul Fatiha ukiibonyeza.

Swali gumu ni linalofuata. Vitu hivi vikishaingia nyumbani, vinatuweka vipi sisi na watoto wetu?

Nimevitazama katika nyumba za jamaa na marafiki, na kwangu pia. Vingi vina mwendo mmoja. Baba anashika kadi na kuuliza: Nabii gani alimezwa na samaki? Sala ya Alasiri ina rakaa ngapi? Anayejua anasogeza kete yake mbele, asiyejua anabaki palepale. Mtoto mkubwa, ambaye madrasa ya Jumapili keshaimaliza karibu yote, anashinda tangu mchezo haujaanza. Mdogo anajua atashindwa, kwa hiyo anakumbuka ghafla kwamba ana kazi ya shule. Vitabu navyo vingi viko hivyo hivyo: kila linalompata mhusika linaishia kwenye funzo, na ukurasa wa mwisho una maswali ya kujibu.

Sina ugomvi na kufundisha. Nisingeweza kusoma Yasini leo kama mwalimu wa chuoni asingenikalisha mkekani na Juzuu Amma. Lakini chuo kilikuwa na saa zake na mahali pake, na tukitoka chuoni tulikuwa tumetoka. Usiku ulikuwa wa bibi na Abunuwasi.

Mfikirie huyo Abunuwasi. Jina lake ni la mshairi wa Baghdad wa zama za Harun Rashid, mtu aliyevuma kwa mashairi ya mvinyo ambayo hakuna mwalimu wa madrasa angeyaweka mbele ya watoto. Masimulizi yaliyofika pwani yetu yaliyaacha mashairi, yakachukua jina, na tukabaki na mjanja anayemzidi akili sultani na kumwaibisha tajiri bahili. Bibi hakutuuliza tumejifunza nini. Tulicheka, tukalala. Hata hivyo watu wa hadithi zile waliamkiana kwa salamu, waliapa kwa Mungu, walisikia adhana, walifunga na kufuturu, na hakuna aliyesimama kutueleza kwa nini. Uislamu ulikuwa hewa ya hadithi. Tuliivuta bila kuambiwa tuvute.

Ndiyo maana nafurahi kwamba mmoja wa waandishi wanaoifahamu siri hiyo anaishi Houston. Saadia Faruqi, mzaliwa wa Pakistani, alianza mwaka 2018 kutoa vitabu vya Yasmin, vilivyochorwa na Hatem Aly. Yasmin ni msichana wa darasa la pili. Baba yake anamweleza habari za wavumbuzi wa nchi, naye anachora ramani ya mtaa wao na kwenda nayo sokoni na mama yake. Siku nyingine anahangaika na rangi za kuchorea, siku nyingine na ujenzi. Mama anavaa hijabu, nyumbani kuna babu na bibi, maneno ya Kiurdu yanapita katikati ya mazungumzo. Hakuna mahali kitabu kinaposimama kumhoji msomaji kuhusu nguzo za Uislamu. Mtoto wa Kiislamu yumo ndani ya hadithi kwa sababu ana ramani mkononi na anataka kufika mahali.

Mwandishi huyo huyo alitoa mwaka 2021 riwaya ya watoto wakubwa kidogo, Yusuf Azeem Is Not a Hero. Yusuf anaishi katika mji mdogo wa kubuni hapa Texas, baba yake ana duka, na yeye mwenyewe anachotaka ni kushiriki mashindano ya roboti. Lakini ni mwaka wa ishirini tangu mashambulizi ya Septemba 11, na chuki inamfuata hadi kwenye kabati lake la shuleni. Mjomba anampa shajara aliyoiandika mwaka 2001, na kijana anaona kwamba mambo haya hayakuanza naye. Mzazi akisoma kitabu hicho pamoja na mwanawe hana kadi ya majibu. Yaliyompata Yusuf huenda yamempata mtoto wake shuleni na hajasema. Hapo mzazi anasikiliza, na huenda ikawa mara ya kwanza wiki hiyo.

Nadhani hapa ndipo penye shida yetu. Maisha ya Texas yamemgeuza mzazi kuwa msimamizi wa mitihani. Anarudi kutoka zamu ya usiku ghalani au kutoka barabarani, na maneno yake ya kwanza ni ukaguzi: umeswali, umemaliza kazi ya shule, hiyo simu ina nini? Halafu tunanunua mchezo ili tukae pamoja kama familia, na mchezo wenyewe unampa baba kadi za maswali.

Wazee wetu walikuwa na fikra pana zaidi kuhusu michezo. Dado wameikemea kwa nguvu: katika Sahihi Muslim imo Hadithi kali juu ya nardashiri, mchezo wa dado, na wanazuoni wengi wakaiharamisha kwayo. Sataranji, mchezo wa kupiga hesabu, Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, aliiona makruhu tu, mradi hakuna kamari na sala haipotei. Huko Baghdad, katika karne ya 10, Abu Bakr as-Suli alikuwa mwanachuoni na bingwa wa sataranji katika kasri la makhalifa, na fumbo moja aliloliacha lilisumbua wachezaji kwa takriban miaka elfu. Sasa fungua baadhi ya maboksi tunayouziwa kwa ajili ya watoto wa Kiislamu. Juu kuna picha ya Al-Kaaba, ndani kuna dado.

Wakati huo huo bao, ambalo halina picha ya msikiti wala neno la Kiarabu, limekaa kwenye baraza za Lamu, Mombasa na Unguja kwa vizazi. Mashimo 32, kete 64, na hakuna bahati nasibu hata chembe. Kila kete inaonekana. Mtu ananamua kete zake za akiba hadi ziishe, anaingia mtaji, analinda nyumba yake au anaiachia ivunjwe kwa hesabu zake mwenyewe. Mtafiti Mholanzi, Alexander de Voogt, alikaa na mabingwa wa Zanzibar akaandika tasnifu nzima mwaka 1995 kuhusu akili zinazotumika pale. Wazee wale hawakuwa na haja ya kuuita mchezo wao wa Kiislamu. Adhana ikilia waliinuka, na sala ikiisha walirudi pale pale walipoachia.

Hapa Texas, ambako mwezi wa Agosti jua haliruhusu mtoto kukaa nje mchana, bao limetufaa sana. Wadogo tuliwaanzisha na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili na hakuna kunamua. Bao lina kitu kimoja ambacho kadi za maswali hazina: baba hajui mwisho wake. Siku mtoto atakapompiga hesabu baba yake na kumwacha hana cha kucheza, wote wawili watajua kwamba imetokea kweli. Mtoto aliyewahi kumshinda baba yake kwa haki humwendea pia akiwa na swali zito, kwa sababu keshamwona akishindwa na kucheka.

Kuna jambo la maktaba ambalo nalo linatuhusu. Mwaka 2023 Texas ilitunga sheria ya vitabu vya maktaba za shule, HB 900; Januari 2024 mahakama ya rufaa ikazuia sehemu iliyowataka wauzaji wapange vitabu kwa madaraja. Mwaka 2025 ikaja SB 13, iliyozipa bodi za shule na wazazi sauti kubwa zaidi juu ya vitabu vinavyowekwa. Vikundi vya WhatsApp vya wazazi vimechemka kuhusu vitabu vya kuondolewa, na wazazi wa Kiislamu wamo pande zote za mjadala huo. Kila mtu na rai yake. Ninachokiona kimepungua ni mzazi anayekwenda kuomba kitabu kiongezwe. Mkutubi wa shule hawezi kujua kwamba mjini kwake kuna mwandishi wa vitabu vya Yasmin ikiwa sisi hatujamwambia. Mzazi anayejua cha kuondoa tu, rafu ya mwanawe itabaki tupu.

Na hata rafu ikijaa, mtoto wetu bado hajioni sawasawa. Vitabu vingi vya Waislamu wa Marekani vina asili ya Pakistani, ya Uarabuni, au ya Wamarekani Weusi. Si haba, sambusa na biriani za Yasmin tunazifahamu, na hina ya Idi pia. Lakini mtoto ambaye babu zake ni wa Pate, wa Tanga, au wa Kasongo kule Maniema, na anayesikia Kiswahili cha namna tatu kwenye chakula kimoja cha futari huko Houston, hajaandikiwa. Hakuna duka litakalotuandikia.

Kwetu jambo hili si geni. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alitunga utenzi wa wosia kwa binti yake, Mwana Hashima. Mengine aliyomuusia yanabishaniwa leo, hasa kuhusu mume na mke, na yanastahili kubishaniwa. Lakini alimtaka binti achukue wino na karatasi, na akamtungia kwa lugha ya nyumbani kwao. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliona watu wake wanabaki nje ya elimu iliyofungiwa katika Kiarabu, akaanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, yote yakiwa na Kiswahili. Sheikh Abdallah Saleh Farsy akaja na tafsiri ya Qurani iliyotoka Nairobi mwaka 1969, ile ambayo wengi wetu tuliiona kwenye rafu ya sebuleni. Kila mmoja alitazama watu waliokuwa mbele yake, akaandika kwa ajili yao.

Sisi tulio huku tuna hadithi karibu kuliko tunavyodhani. Katikati ya Houston kuna jengo la benki lililojengwa mwaka 1928, lenye nguzo nene kama mahekalu ya Wagiriki. Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyeipa timu ya mpira wa kikapu ya Rockets ubingwa wa NBA mwaka 1994 na 1995, alilinunua likawa Islamic Da'wah Center, na leo watu wanaswali palipokuwa na madirisha ya fedha. Februari 1995 alifunga Ramadhani huku akicheza, na mwezi huo huo akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa ligi. Mpeleke mtoto pale, mweleze kisa hicho kwa Kiswahili chako, kisha mwachie akiandike kwa Kiingereza chake na kuchora benki na mpira. Bibi aliye Tanga akipigiwa simu ataongeza kisa cha Abunuwasi, na ukurasa wa pili utakuwa umepatikana. Herufi zikikosewa, hakuna wa kutoa alama.

Kwa hiyo anayeniuliza wapi atapata vitabu na michezo, namjibu kwamba maduka yapo, na asione haya kununua. Akishafika nyumbani, aangalie mtoto anaomba kipi mara ya pili. Hicho ndicho kilichompata. Kile ambacho mzazi peke yake ndiye anayekikokota kutoka kabatini kila Ramadhani, akigawe. Na kama katika vyote alivyonunua hakuna hata kimoja kinachomruhusu mtoto amshinde, amuulize asilolijua au amcheke kidogo, basi amenunua madrasa ya pili, na ile ya Jumapili inatosha.