Mtoto Asivutwe Huku na Huku



Msimu wa korosho ukiisha na fedha zikiingia mkononi, wako wazazi walioachana ambao huanza kuvutana. Baba amwendea mtoto shuleni na kumchukua bila kumwambia mama. Au mama, kwa hasira, amficha kwa mjomba siku ile ambayo baba amepewa kumwona. Na wote wawili huja Kanisani Jumapili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huchukulia kwamba ni heri mtoto aliye chini ya miaka 7 akae na mama yake, ila mahakama ikiona sababu ya kufanya vingine. Linalotangulia ni ustawi wa mtoto. Mila nazo hutazamwa, lakini hazitangulii. Basi sisi Wamakonde, Wamakua na Wayao, tuliozoea kuhesabu mtoto kwa ukoo wa mama, tusidhani neno la mjomba laweza kutangua amri ya hakimu. Hata jando si udhuru.

Twamkumbuka yule mama mbele ya mfalme Sulemani. Alikuwa tayari kumkosa mwanawe mradi aishi. (Mwenzake ndiye aliyetaka mgawanyo wa sawasawa!)

Asiyeridhika na amri aweza kurudi mahakamani kuomba ibadilishwe. Lakini siku ya zamu ikifika, mfungieni mtoto nguo zake na madaftari yake, mkampeleke, wala msimtume na maneno makali ya kumpelekea mwenzenu.