Milki na Dhima: Juu ya Kuuza Gari Lipendwalo

Miongoni mwa maswali yanayoipima nafsi ya mtu, lipo moja ambalo kwa sura yake ya nje huonekana kuwa la biashara tu, nalo ni hili: je, yampasa mtu kukiuza kitu alichokipenda, akakifufua kwa mali yake na jasho lake, ilhali kitu hicho hakimdai chakula wala hakimzibii njia? Dalali hulijibu kwa kutaja kima. Jamaa hulijibu kwa kutaja karo za shule na paa linalovuja. Na mwenye kitu hunyamaza, kwani anahisi ya kuwa wote wawili wamesema kweli na hapana hata mmoja aliyeligusa jambo lenyewe. Jambo hilo ndilo nitakalo kulitafuta hapa, na mfano wangu ni gari nililo nalo, Peugeot 404, ambalo sasa limepata wanunuzi.

Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa sifa za gari hilo. Lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limesanifiwa na Pininfarina wa Italia, na katika barabara zetu lilijipatia heshima isiyotokana na matangazo. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Na katika miaka miwili kati ya hiyo, wa kwanza na wa mwisho, njia zilikuwa mbaya hata magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Bert Shankland, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967, alikuwa mkazi wa Tanzania, na kwa hiyo watu wa hapa waliuhesabu ushindi ule kuwa wao.

Langu halikushinda chochote. Nililikuta limewekwa juu ya mawe chini ya mwarobaini, halina magurudumu, na sakafu ya upande wa dereva imeliwa na kutu hata majani yameota ndani. Fundi wa bodi aliikata sakafu ile yote, akachomelea bati jipya, akalinyoosha kwa nyundo ndogo, akatumia puti kidogo kadiri ilivyowezekana, kwa kuwa, alivyosema, puti nyingi huficha kazi mbovu. Injini, ambayo katika gari hili imelazwa upande kwa nyuzi 45, ilifunguliwa yote, na slivu za silinda zikatolewa zikatiwa mpya, maana walioiunda tangu hapo waliiunda ili zipate kutolewa. Nilipougeuza ufunguo likawaka, nilijua kwamba nimepata kitu ambacho fedha peke yake isingeninunulia.

Ni kitu gani hicho? Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, alieleza ya kuwa kila mali ina matumizi mawili, kama kiatu kinavyoweza kuvaliwa na kinavyoweza kubadilishwa kwa kitu kingine. Maneno hayo ni ya hekima, lakini kitu kilichofufuliwa na mwenyewe kina fungu la tatu, nalo ni athari yake katika tabia ya yule aliyekishughulikia. Subira niliyojifunza katika kutafuta vipuri visivyouzwa tena madukani, staha niliyoipata kwa kusimama kando ya fundi anijuaye kuwa sijui, na furaha ya kuona kilichotupwa kikirudi kazini, hayo yamo ndani yangu, hayamo ndani ya bati. Mnunuzi hawezi kuondoka nayo hata akilipa mara kumi, wala mimi siwezi kumpa hata nikitaka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hofu ya kuuza ni hofu ya kupoteza kisichoweza kupotea kwa njia hiyo.

Lakini atatokea mwenye hoja aseme: basi kumbukumbu je? Gari lenyewe ndilo shahidi wa kazi ile, na shahidi akiondoka, kesi imekwisha. Kwa kumjibu yafaa kulitazama suala la kale alilolisimulia Plutarch, juu ya merikebu ya Theseus iliyohifadhiwa na watu wa Athens, ambao kila ubao ulipooza waliuondoa wakatia mwingine, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni merikebu ile ile na hawa wakisema siyo. Thomas Hobbes akaliongezea ugumu kwa kuuliza: lau mtu angeziokota mbao zote kuukuu akaziunda upya kwa mpango wake wa kwanza, merikebu ya kweli ingekuwa ipi kati ya mbili? Gari langu lina sakafu isiyotoka Ufaransa, slivu zisizokuwamo kiwandani, na rangi iliyopigwa katika gereji ya mtaani. Na hata hivyo hapana alionaye likipita njiani asemaye kwamba si Peugeot 404. Rai yangu ni kwamba umoja wa kitu cha namna hii haukai katika mabati yake. Unakaa katika mfululizo wa matunzo, mkono mmoja ukipokea pale mwingine ulipoachia, bila kukatika. Palipo na matunzo, kitu ni kile kile ingawa vipande vyake vimebadilika. Pasipo na matunzo, vipande vyaweza kubaki vyote na kitu kikawa kimekwisha.

Na hapa ndipo hukumu inapoanza kuonekana, maana gari halitunzwi kwa kufungiwa. Petroli inayokaa huacha ulimbo katika kabureta, mipira ya breki hukakamaa, betri hufa, na upepo wa bahari, wenye chumvi yake, huingia hata mahali ambapo rangi inang'aa ukaanza kazi yake chini kwa chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na anayeliacha gari chini ya turubai mwaka hata mwaka kwa kuwa analipenda mno kuliuza, analirudisha polepole pale chini ya mwarobaini, huku akijiita mlinzi wake. Mapenzi yanayokizuia kitu kufanya kazi iliyokusudiwa ni milki iliyosahau dhima yake. Nani asiyejua kwamba mali ni amana, na kwamba mwenye amana huulizwa aliitunzaje, haulizwi aliishikilia muda gani?

Hata hivyo sitaki kuupunguza uzito wa mauzo, kwa kuwa muuzaji hawezi kupokea thamani na papo hapo akabaki na amri. Siku hati inapobadilika jina, mwenye gari mpya aweza kulipaka rangi nisiyoipenda, au kulikata likawa la mizigo, nami sina neno. Kwa sababu hiyo kuchagua mnunuzi ndilo tendo la mwisho la milki, na yafaa lifanywe kwa uangalifu ule ule uliotumika katika kuchagua fundi. Na tendo lililo kabla yake ni kusema kweli. Sheria ya biashara katika Uislamu humpasa muuzaji kuitaja aibu ya bidhaa anayoijua, na gari lililotengenezwa upya lina aibu ambazo jicho haliwezi kuziona: palipochomelewa, palipotiwa puti, kipuri kilichochongwa na fundi badala ya kutoka kiwandani. Anayezificha hizo ameudhulumu mkono utakaopokea matunzo, kwa kuwa hauwezi kukitibu kisichotajwa.

Basi nahitimisha hivi. Mwenye afya ya kuliendesha gari lake, na uwezo wa kulitengeneza bila kuwanyima watu wa nyumba yake haki zao, asiliuze kwa sababu tu bei imepanda, maana bei itampa fedha na haitampa sababu nyingine ya kuamka mapema siku ya Ijumaa. Lakini yule ambaye macho yamepungua nuru, ambaye watoto wake wako mbali na hawana haja nalo, na huyo ndiye mimi, auze mapema, gari lingali zima na yeye angali na akili ya kumweleza mwenziwe siri zake. Wanunuzi wangu ni wawili: mmoja atoa fedha nyingi na ataka kulifungia mpaka thamani iongezeke, na mwingine atoa pungufu na ataka kulitia barabarani. Nimemchagua wa pili, na fundi wangu amekubali kuendelea nalo. Nawe msomaji, ukiwa na kitu cha namna hiyo, usijiulize kwanza utapoteza nini ukikitoa. Jiulize kitu hicho kitapata nini mikononi mwako katika miaka ijayo, kisha utii jibu.