Anayejua na Msomaji Asiyemwona

Mwongozo wa mwanzo wa programu ni maandishi mafupi yanayomweleza mgeni programu inafanya nini, inamfaa nani, inasakinishwaje, na aone nini kwenye skrini akifanikiwa. Kwa desturi iliyoanza miaka ya 1970, huwekwa kwenye faili liitwalo README, la kwanza kufunguliwa. Kazi hiyo huonekana ndogo, na katika miradi mingi huandikwa usiku wa mwisho, wakati kila mtu amechoka. Hata hivyo inabeba swali zito la maadili: anayejua ana deni gani kwa asiyejua, ikiwa wawili hao hawataonana kamwe?

Plato aliligusa swali hili zamani. Katika kitabu chake Phaedrus, Socrates analalamika kwamba maandishi yakiulizwa hurudia yaleyale, hayachagui wa kusema naye, na yakieleweka vibaya hayana wa kuyatetea. Mtunzi wa tenzi anaweza kulipuuza lalamiko hilo. Mwandishi wa mwongozo hawezi. Mwanafunzi wa pwani aliyekisoma kitabu mbele ya sheikh wake aliuliza palepale alipokwama, na sheikh aliusoma uso wake hata kabla hajauliza. Msomaji wa mwongozo amekaa peke yake. Maswali yake yajibiwe kabla hayajaulizwa, la sivyo hayatajibiwa.

Wanazuoni wa Kiislamu wameikemea vikali dhambi ya kuficha elimu. Lakini kuficha kunahitaji nia, na mwandishi wa mwongozo mbovu kwa kawaida hana nia mbaya hata chembe. Mkazi wa Tegeta, Dar es Salaam, anapomwelekeza mgeni humwambia ashuke kituo cha Kibaoni, kisha aulizie dukani. Hasemi ni upande upi wa Barabara ya Bagamoyo, kwa kuwa anaivuka kila siku na kwake hiyo si habari tena. Aliyeishi ndani ya programu kwa miaka miwili yuko hivyohivyo. Anaandika "washa seva" bila kutaja amri iandikwe wapi, ndani ya folda ipi, na kwa toleo lipi la lugha ya Python. Hakuficha kitu, ameacha kukiona. Swali basi ni kama mtu anaweza kulaumiwa kwa jambo asiloliona, na jibu ni ndiyo, ikiwa alikuwa na njia ya kulitafuta na hakuitumia.

Madhara yake si ya kinadharia. Tuseme kijana wa Tegeta ana kompyuta mpakato ya mtumba na intaneti ya simu aliyoiunga kwa bando. Mwongozo unamwambia aandike amri moja ya kusakinisha. Amri hiyo inaanza kupakua programu saidizi, moja ikiita nyingine, mamia ya megabaiti. Bando linakata katikati, skrini inajaa maandishi mekundu, na ukurasa hausemi lolote kuhusu hali hiyo. Aliyeuandika alikuwa ofisini kwenye intaneti isiyopimwa, ambako mzigo huo ni wa dakika chache tu. Kuutaja ukubwa wake kungechukua sentensi moja. Kuiacha sentensi hiyo ni kumtoza mtu bila kumwambia bei.

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, unaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, na ramani zikaingizwa kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Mafunzo yalikuwa ya ana kwa ana, mwenye kujua akiwa kando ya anayejifunza. Lakini wanafunzi huhitimu na ufadhili hufika mwisho. Hapo miradi ya aina hii hubaki na data, programu huria na kurasa za maelekezo. Leseni ya programu huria inampa kila mtu haki ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza, ila haki hiyo haimsaidii mkazi anayetaka kusahihisha mtaro uliochorwa vibaya ikiwa hajui abonyeze wapi. Mwongozo ndio unaoamua kama atasahihisha mwenyewe au atamsubiri mtaalamu.

Kuna pingamizi moja la haki: kurahisisha si kusema uongo? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika kitabu chake *Ihya* miongoni mwa wajibu wa mwalimu kwamba ampe mwanafunzi kile akili yake inachoweza kukibeba, asimrundikie zaidi. Kuchelewesha ukweli, basi, si sawa na kuupotosha. Kumwambia msomaji abadilishe mstari mmoja, na kwamba maana yake itaelezwa mbele, ni uaminifu mtupu. Kumwahidi kwamba kazi yote ni rahisi si uaminifu, maana akishindwa atadhani kasoro ni yake. Kunyamaza kwamba programu haijawahi kujaribiwa kwenye Windows ni kubaya zaidi.

Kwa kuwa mjuzi hawezi kuyaona mapengo yake kwa kujisoma, dawa iko nje yake. Atafutwe mtu asiyeujua mradi, apewe kompyuta ambayo programu haijawahi kuingia, afuate mwongozo mstari kwa mstari, na mwandishi akae pembeni bila kufungua mdomo. Kila anaposita, pana sentensi iliyokosekana, iandikwe. Zoezi lirudiwe kila toleo jipya linapotoka, na namba ya toleo lililojaribiwa pamoja na tarehe ya jaribio viwekwe juu kabisa ya ukurasa.