Mwizi Asiyegusa Kitu

Mwishoni mwa Agosti 2019, taasisi ya GNOME ya Marekani ilifunguliwa kesi kwa sababu ya Shotwell, programu huria ya kupangia picha ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure, akausoma msimbo wake na kuubadilisha apendavyo. Mshtaki alikuwa Rothschild Patent Imaging, kampuni ambayo mtaji wake ni hataza, yaani haki za kipekee juu ya uvumbuzi. Haikudai kwamba mtu wa GNOME alinakili msimbo wake hata mstari mmoja. Ilidai kwamba Shotwell inafanya jambo lililoelezwa ndani ya hataza yake, yaani kuchuja picha na kuzihamisha bila waya kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kwa sheria ya hataza, dai la namna hiyo linatosha kumfikisha mtu mahakamani.

Shotwell yenyewe ilikuwa imeshawekwa ndani ya mfumo endeshi wa Ubuntu tangu 2010. Hataza hiyo ilitolewa 2018, ingawa maombi yaliyoizaa yalianza miaka mingi nyuma.

Mawakili waliliona hilo kuwa suala la tarehe na vifungu. Chini yake, hata hivyo, kuna swali la kale kuliko kompyuta: je, mtu anaweza kuwa mwizi wa kitu ambacho hakukigusa, hakukiona, wala hakujua kuwa kipo?

Tunapozungumzia wizi huwa tunamzungumzia mtu aliyechukua. Hata hakimiliki, pamoja na ukali wake, inafuata mantiki hiyo: washairi wawili wakitunga beti zinazofanana bila mmoja kuusikia wimbo wa mwenzake, hakuna aliyekosa. Hataza haiulizi umetoa wapi. Aliyeketi peke yake chumbani, akafikiri, akafika palepale alipofika mwingine, ana hatia sawa na aliyenakili, na kusema kwamba hakujua hakumwokoi.

Msomaji Mwislamu atakumbuka mara moja kwamba Sahihi ya Bukhari inafunguliwa na hadithi ya nia. Lakini asikimbilie huko haraka mno. Fiqhi pia inamjua mdaiwa asiye na nia mbaya: aliyejikwaa akavunja chungu cha mwenziwe atakilipa, hata kama hakukusudia. Tofauti ni kwamba hapo kuna vigae chini, na mwenye chungu amepungukiwa. Katika kesi ya Shotwell, kampuni ilibaki na kila ilichokuwa nacho jana, isipokuwa matumaini ya kuwatoza wengine.

Kuna hadithi nyingine iliyo karibu zaidi na jambo hili, ile aliyoipokea Abu Daud, inayowafanya Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Wanazuoni wa Kihanafi walipoichambua waliweka mpaka mzuri sana: mwenye moto hawezi kumzuia jirani kuota au kuwashia taa yake hapo, lakini kaa lenyewe ni mali ya mwenyewe, halichukuliwi bila idhini. Mwaka 1813, Thomas Jefferson, aliyewahi kuwa miongoni mwa wakaguzi wa kwanza wa hataza za Marekani, alimwandikia Isaac McPherson barua akitumia mfano huohuo wa mwali kueleza jinsi wazo linavyomfikia mwingine bila kumpunguzia wa kwanza. Hakuna dalili kwamba aliwasoma Wahanafi, na pengine ndiyo maana kukutana kwao kunavutia. Kwa sheria ya hataza, mmoja kati yao angekuwa mdaiwa wa mwingine.

Hata hivyo, anayesema kwamba dini imezikataa hataza kwa neno moja anajirahisishia kazi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait Desemba 1988 likatamka kwamba hakimiliki, majina ya biashara na hataza za uvumbuzi ni haki zenye thamani ya fedha, na kuzivamia hakujuzu. Kwa wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, hilo si geni sana, kwani madhehebu yao yalikwishahesabu manufaa kuwa mali, jambo ambalo Wahanafi wa kale walisita kulikubali. Kwa hiyo mvumbuzi ana haki yake. Linalobaki ni nani anayedaiwa haki hiyo.

Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka mahali pasipotarajiwa. Robert Nozick, mwanafalsafa aliyetetea umiliki binafsi kwa ukali ambao wengi waliuona umepita kiasi, aliandika mwaka 1974 kwamba hataza haipaswi kumfunga mtu aliyevumbua kitu hichohicho kwa akili yake mwenyewe. Hoja yake ilitoka kwa John Locke: jasho humpa mtu haki, mradi asiwaache wengine katika hali mbaya zaidi. Mvumbuzi wa pili naye ametoa jasho, na angekifikia kitu hicho hata kama wa kwanza asingezaliwa. Mabunge hayakumsikiliza.

Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba sheria hiyohiyo inamwadhibu zaidi anayejua. Mahakama ya Marekani ikiona kwamba mtu alivunja hataza kwa makusudi, inaweza kupandisha fidia hadi mara tatu. Ndiyo maana mawakili wengi huwaonya wahandisi wasisome hataza kabisa. Serikali ilimpa mvumbuzi ukiritimba wa miaka kadhaa ili afichue alichokigundua na umma ujifunze, kisha umma unashauriwa ufumbe macho.

Tena kosa lenyewe hutegemea mahali. Mwaka 2007 Microsoft ilidai kupitia jarida la Fortune kwamba programu huria zinavunja hataza zake 235, zikiwemo 45 zilizohusishwa na OpenOffice, bila kuzitaja moja moja. Miaka michache tu kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice, programu hiyohiyo kwa Kiswahili. Hataza ya Marekani haivuki mipaka ya Marekani, kwa hiyo kitendo kilichodaiwa kuwa kosa huko hakikuwa na doa Dar es Salaam. Haki gani ya asili inabadilika hivyo kwa safari ya ndege?

Turudi kwenye kesi ya Shotwell. GNOME iliambiwa ingeweza kumaliza kesi kwa makumi ya maelfu ya dola, bei iliyo chini ya gharama ya kujitetea. Ilikataa. Watu zaidi ya 4,000 wakachanga zaidi ya dola 150,000, na Mei 2020 mshtaki akakubali kutozitumia hataza zake dhidi ya programu huria yoyote. Wakili ambaye hakuwa sehemu ya kesi aliomba hataza ile ichunguzwe upya, na mwaka 2022 ikabatilishwa. Uchunguzi wa aina hiyo hupima kama wazo lilikuwa jipya. Hauulizi waandishi wa programu walilipata wapi. Kama lingekuwa jipya, waandishi wa Shotwell wangeweza kuonekana na hatia, hata kama hawakuwahi kulisikia.