Mwamuzi Haoni Moyo

Mchezo wa mpira wa kikapu ulibuniwa na mwalimu aliyesomea pia elimu ya dini. James Naismith, mzaliwa wa Kanada, aliuanzisha mwezi wa Desemba 1891 katika chuo cha Chama cha Vijana Wakristo huko Springfield, Marekani, akauwekea sheria 13. Sheria ya tano ilikataza kumpiga mwenzako kikumbo, kumshika, kumsukuma, kumtega na kumpiga. Aliyekosa mara ya pili alitolewa mpaka goli lingine lipatikane. Bali ikiwa ilionekana dhahiri kwamba alikusudia kumwumiza mwenziwe, alitolewa kwa mchezo wote. Twawaomba wasomaji walishike neno hilo "dhahiri". Ndani yake mna swali linalowasumbua waamuzi hata leo, nasi sote tunaopaswa kuamua magomvi ya watoto wetu na ya jirani zetu: je, mtu ahukumiwe kwa alilotenda, ama kwa alilokusudia?

Asiyeujua mchezo huu hudhani kwamba kila kugusana ni kosa. Sivyo. Watu kumi wakikimbia katika uwanja wa mita 28 kwa 15 hawana budi kugusana, na sheria za FIBA, yaani shirikisho la dunia lililoundwa Geneva mwaka 1932, zalikubali jambo hilo. Mwamuzi hujiuliza kwanza ni nani mwenye haki ya mahali pale. Kila mchezaji aweza kusimama popote uwanjani ambapo mwingine hajapashika, na haki yake yapanda juu pamoja naye, kana kwamba amesimama ndani ya pipa lisiloonekana. Mlinzi akiwahi kumkabili mshambuliaji uso kwa uso, miguu yote miwili ikiwa chini, mahali pale ni pake. Aweza hata kuruka wima, mikono juu, na mshambuliaji akimvaa kifuani, kosa ni la mshambuliaji. Lakini mlinzi akichelewa, akaingia njiani wakati mwenzake amekwisha kuruka, kosa ni lake yeye, hata kama nia yake ilikuwa njema kabisa. Kisha mwamuzi hutazama kama mguso ule umemdhulumu mtu. Ikiwa hakuna aliyepotezewa kitu, kipenga hunyamaza.

Nia haimo katika maswali hayo. Hata kwa makosa yale makali yasiyo ya kimichezo, kwa miaka mingi sheria za FIBA zilimwagiza mwamuzi alipime tendo tu. Wako waonao kwamba huu ni ukatili: kijana alia kwamba hakukusudia, na bado aadhibiwa! Sisi twaona kwamba ni hekima, tena ni unyenyekevu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoeleza kwa nini sheria za wanadamu hazitoshi peke yake, alifundisha kwamba mwanadamu aweza kuhukumu matendo ya nje yanayoonekana, wala si mambo ya ndani yaliyofichika. Kipenga hakimwambii kijana kwamba yeye ni mbaya. Chamwambia kwamba amemzuilia mwenzake njia, na sasa amrudishie haki yake. Mchezaji aliyefikisha makosa matano hutoka uwanjani, lakini hakuna anayemlazimisha kwenda kuungama.

Iko hila moja, hata hivyo, ambayo hatuwezi kuipita kimya. Mlinzi amesimama mahali pake halali, aguswa bega kidogo tu, naye ajitupa chali huku akipiga kelele kama mtu aliyegongwa na gari. Hakumsukuma mtu, hakumshika mtu. Lakini kwa mwili wake amesema neno lisilo kweli mbele ya mwamuzi, na kipenga kikilia, asiye na hatia ataadhibiwa. Huo ni ushahidi wa uongo, nao umekatazwa na Amri ya Nane, uwe umetolewa kwa kinywa ama kwa mgongo. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ilianza kuwatoza faini wenye hila hiyo mwaka 2012, na tangu msimu ulioanza mwaka 2023 wapinzani hupewa mtupo huru papo hapo. Tusiambiwe ati huo ni ujanja wa mchezo. Kocha amfundishaye mtoto wa miaka kumi na miwili kujiangusha amemfundisha kuiba kwa kutumia mkono wa hakimu. Yule anayesimama imara kweli na kulipokea pigo la kweli ni mtu mwingine kabisa; huyo ana ushujaa, na wengi wetu tungemkwepa mshambuliaji yule.

Na mwamuzi mwenyewe je? Yeye naye ana moyo, na huenda haujui. Wachumi wawili, Joseph Price na Justin Wolfers, walichunguza michezo ya NBA ya miaka 1991 hadi 2004. Waliona kwamba wachezaji walihesabiwa makosa machache zaidi, hata kufikia tofauti ya asilimia 4, pale waamuzi walipokuwa wa rangi yao. Viongozi wa ligi waliyapinga matokeo hayo. Wala hakuna aliyesema kwamba waamuzi wale walidhulumu kwa kusudi. Yamkini kila mmoja wao angeapa kwamba ameamua kwa haki, naye angeapa kwa dhamiri safi. Habari hiyo ilitangazwa magazetini mwezi wa Mei 2007. Baadaye wataalamu hao, pamoja na mwenzao Devin Pope, waliichunguza michezo iliyochezwa baada ya tangazo hilo, waamuzi wakiwa wamekwisha kujua yaliyosemwa juu yao, na upendeleo ule hawakuuona tena.